Usiliendeshe, Liwashe Tu

4 Februari

Baba, shikamoo.

Tangu Jumapili nimekupigia mara nne. Simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Dada anasema u mzima wa afya, ila umetangaza kwamba wewe na simu basi, anayekutaka akuandikie barua. Haya, nimekaa kitako naandika. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Nimefurahi gari nililolinunua kwa wana wa yule mkunga wa zahanati limefika salama kwako, lakini roho yangu haijatulia. Miaka kumi na moja ya kuchomelea vyuma kwenye viwanda vya watu imo ndani ya gari lile. Sina kiwanja, sina nyumba, nina gari moja la rangi ya maziwa lenye viti vyekundu, tena limenizidi umri. Tulikubaliana likae kwako mpaka bei ipande, niliuze, nirudi nyumbani moja kwa moja, tufungue gereji yetu pale mkabala na kituo cha mafuta. Wewe na mimi. Likiharibika, sirudi, Baba. Nitazeekea huku.

Kwa hiyo nakuomba, na usinune: usiliendeshe. Wanaonunua magari ya zamani wananunua kilomita ambazo hazikutembewa. Mita inasoma 41,206 na nataka ibaki hapo hapo. Kila Jumamosi ya pili liwashe dakika kumi na tano, simama pembeni, lisikilize, kisha niandikie linavyosikika. Na usibadilishe kitu, hata skrubu. Likibaki lilivyotoka kiwandani ndipo lina bei.

Mimi niko mbali, sikio langu huko ni wewe. Nimwamini nani mwingine kama si Fundi Sikio, aliyekuwa akisimama ng'ambo ya barabara na kumwambia mwenye gari plagi ya tatu imekufa?

Mwanao,
Nati


19 Februari

Nati, marahaba.

Barua yako ina masharti mengi kuliko ya mganga. Mara ya kwanza nimeisoma nikacheka, mara ya pili nikakuonea huruma. Unaliogopa gari lako mwenyewe. Na wewe uliyemeza nati ya kabureta ukiwa na miaka mitatu, tukashinda tunakuvizia chooni siku mbili, leo ndiye wa kunifundisha mimi gari?

Nimeliwasha Jumamosi. Linaimba. Injini ile tulianza kujuana wewe hujazaliwa, ilipokuwa ya yule mkunga. Mama yule alilitoa kila siku, akaenda zahanati na kurudi, na halikumsumbua hata mara moja. Lilianza kuugua alipostaafu na wanawe wakalifunika turubai. Gari si sahani za wageni, mwanangu. Likisimama mpira unakauka, breki zinashikana, panya wanahamia na familia zao.

Jambo moja. Ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haiwaki, balbu yake imeungua. Ninayo nyingine kwenye kopo la misumari. Si ya gari hili lakini inaingia. Ni kazi ya dakika mbili. Niiweke?

Kuhusu simu, usinisumbue. Mtandao wa huku unakoroma tu, na ujumbe siwezi, kidole changu kimoja kinabonya herufi tatu.

Baba yako


6 Machi

Baba, shikamoo.

USIIWEKE. Nisamehe herufi kubwa. Nimeongea na watu wanaojua mambo haya, wanasema mnunuzi wa kweli anafungua dashibodi na kutazama mpaka balbu. Akikuta moja ya kuokoteza anaanza kujiuliza nini kingine kimeokotezwa. Nimeshapata muuzaji mwenye balbu za asili za gari lile, anasema atatuma. Tusubiri. Gari halitembei, taa ya oili ya nini?

Halitembei, sivyo? Barua yako imenitia wasiwasi kidogo pale kwenye sahani za wageni. Nakuomba kila barua uniandikie mita inasoma ngapi.

Nati


25 Machi

Nati, marahaba.

Mita inasoma 41,219. Kaa kwanza, kunywa maji, kisha endelea kusoma.

Betri ilikuwa inakaribia kufa, ilihitaji kutembezwa. Nimelitoa hadi kwenye ghala la mbao na kurudi. Kilomita kumi na tatu, mwanangu, hata kuku anatembea zaidi ya hapo kwa mwezi. Ungeniona! Nimevaa shati jeupe, nimeshusha kioo, watu wanapunga mikono kana kwamba ninagombea kiti. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu mama yako atutoke. Nakwambia kweli kabisa. Nikiketi pale na kushika usukani, dunia yote inakaa sawa.

Nje ya gari haikai sawa. Watu wa siku hizi wananong'ona. Muuza duka ananong'ona, dada yako ananong'ona, na yeye ni mwalimu, sijui watoto wa watu wanamwelewaje. Jirani naye amenuna. Anasema alibisha hodi mara tatu nikamnyamazia. Hakubisha. Ningemsikia.

Sauti ya gari: linaimba.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Hizo kumi na tatu nimezisamehe. Tafadhali zisizae nyingine.

Sijui nikueleweshe vipi. Unapolitoa wewe unaona shati jeupe na watu wanapunga mikono. Mimi huku naona lori linakosa breki, naona jiwe linaruka kwenye kioo ambacho hakitengenezwi tena duniani. Jana nimechomelea mlango wa tangi kinyume kwa sababu nilikuwa nalifikiria ghala la mbao. Msimamizi amenitazama kama mtu anayeumwa.

Likae, Baba. Kila siku linapokaa, mimi nakaribia nyumbani. Hesabu yangu ndiyo hiyo tu.

Balbu bado haijafika. Usiiweke ile ya kopo.

Nati


17 Juni

Nati, marahaba.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukudanganya, na sikutaka kukwambia. Mita inasoma 41,688.

Ninalitoa kila asubuhi. Basi, nimesema. Ninakwenda mpaka kwenye njia panda ya machimbo ya kokoto, ninageuza, ninarudi. Unaweza kukasirika, una haki. Lakini mimi ni mtu wa miaka sabini na mbili. Unataka nikae kwenye kigoda nikilitazama gari zuri kupitia turubai, mpaka lini? Wewe unaniambia bei itapanda. Mimi nakuuliza, nani kakwambia mimi nitakuwepo ikishapanda?

Ninalitunza. Ninaliosha kwa mkono. Shida ni yangu, si yake: goti la kushoto limeanza kuzeeka. Kila nikikanyaga klachi linatetemeka, mtetemo mwembamba, unapanda mpaka kwenye paja. Nikishuka unaacha. Dada yako kaniletea dawa ya kuchua, inanuka kama duka la rangi. Haisaidii.

Sauti: linaimba.

Baba yako


3 Julai

Baba, shikamoo.

Sikukasirika. Yaani nilikasirika, lakini zimekuja habari nyingine zikaifunika hasira.

Nimempata mnunuzi. Ni daktari wa meno, ana magari tisa ya zamani kwenye jengo moja lenye mapazia, na amekuwa akitafuta la aina hii kwa miaka mingi. Nimemwambia kweli kuhusu kilomita, hata zile za machimbo ya kokoto, akasema hazimpi taabu maadamu injini ni ile ile ya kiwandani na ni nzima. Amesema, "Mimi nanunua injini kwa masikio." Nikacheka, nikamwambia basi mtaelewana na baba yangu. Bei aliyotaja inatosha kila kitu. Atakuja huko tarehe 20 Agosti.

Nimetoa taarifa kazini, Baba. Mwisho wa Agosti namaliza. Msimamizi kaniuliza kama nina uhakika, maana wapo watu foleni wanaitaka nafasi yangu, nikamjibu ninao. 

Kuhusu hilo goti lako, nenda hospitali wakalitazame. Na kwa sababu hiyo hiyo usiendeshe tena, hata mita moja, mpaka huyo bwana aje.

Sasa niambie kweli tupu, fundi kwa fundi. Injini imetulia? Hakuna mlio wowote mgeni? Nipe neno lako, nami nitatulia.

Nati


18 Julai

Nati, marahaba.

Neno langu unalo. Linaimba kama siku ya kwanza. Huyo daktari wa meno aje na masikio yake.

Ukirudi, chumba chako nimekipaka rangi.

Baba yako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Baba hajui kama nakuandikia. Soma mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Mnunuzi alikuja jana saa nne asubuhi, yeye na rafiki yake mmoja, viatu vinang'aa. Baba alikuwa amevaa lile shati jeupe. Alilifunua gari taratibu, na yule bwana alipoliona alishika mdomo wake kwa furaha. Alizunguka, alipapasa viti, alifungua dashibodi kama ulivyosema atafanya. Mpaka hapo nilikuwa nimeanza kupanga ukirudi tutakupikia nini na wenzako watakuja lini kukusalimia.

Kisha Baba akawasha.

Mimi si fundi, najua chaki na madaftari. Lakini hata mimi nilijua. Kulikuwa na mtu ndani ya injini ile anayegonga sufuria kwa nyundo, ko-ko-ko, bila kupumzika. Yule rafiki alirudi nyuma hatua mbili. Mnunuzi alimtazama Baba, na Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, anatabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Unasikia linavyoimba?"

Mnunuzi alidhani anafanyiwa mzaha. Akamuuliza akiwa nyuma yake, "Mzee, limeanza lini hili?" Akauliza mara tatu. Baba aliendelea kufuta taa ya mbele kwa kitambaa. Ndipo yule bwana akanigeukia mimi, na uso wake ukabadilika, akaelewa. Hakutukana wala hakucheka. Alisema pole, akaondoka. Hataki tena kulinunua.

Baba akaniuliza, "Kalipenda?" Nikatoa bahasha kwenye mkoba nikaandika nyuma yake: INJINI INAGONGA, BABA. Akavaa miwani akaisoma. Akaisoma tena. Akaenda kuzima gari mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Nilimwacha humo.

Baba hasikii, mdogo wangu. Si kidogo, hasikii. Lilianza sikio la kulia mwaka juzi, la kushoto likafuata. Nilijua. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utalichukua gari, na ukilichukua gari utakuwa umeshamzika. Nikakubali kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu sikujua kama ulikuwa unamuuliza sauti. Hizo barua alikuwa hanionyeshi.

Kama unatafuta wa kumlaumu, anza na mimi.

Dada yako


14 Septemba

Nati,

Tangu mnunuzi aondoke, wiki tatu, sijapata barua yako. Kila siku ninakwenda posta mwenyewe, kwa miguu. Karani ananiona mlangoni anatikisa kichwa, hanipi hata nafasi ya kuuliza.

Dada yako amekiri kwamba alikuandikia. Basi ngoja na mimi nikiri.

Nilikudanganya. Kila nilipokuandikia linaimba nilikuwa naandika ninachokikumbuka. Naukumbuka muungurumo wa injini ile kama ninavyoikumbuka sauti ya mama yako, na nikadhani kukumbuka kunatosha. Naona aibu, mwanangu. Sina neno jingine. Watu walinipa jina kwa ajili ya masikio yangu, sikujua nibaki nani bila hayo.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini naliendesha hali ulinikataza. Likisimama pale linanguruma, mimi sipati kitu, ni bati tu. Lakini nikiketi na kushika usukani nilikuwa nalisikia kwa mikono, kwa mgongo, kwa nyayo. Pale tu ndipo nilipokuwa bado fundi. Ndiyo maana sikuweza kuacha.

Na hapo hapo ndipo nilipokosea. Goti langu halina ugonjwa. Nimelichunguza wiki hizi tatu, linapanda ngazi, linakwenda posta na kurudi, halitetemeki hata kidogo. Lilikuwa gari. Beringi ya injini ilikuwa inakwisha na inaniambia kila asubuhi, kupitia kanyagio la klachi, na mimi naenda nyumbani kupaka dawa. Watu nikawalaumu wananong'ona, mwili nikaulaumu umezeeka, kila kitu nikakilaumu isipokuwa masikio.

Muombe msimamizi wako akurudishe kazini. Gari nitalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kitakachopatikana nitakutumia. Usije kunitazama nikiwa hivi.

Baba yako


30 Septemba

Baba, shikamoo.

Nimekuandikia barua tatu kabla ya hii na zote nimezichana. Zilikuwa mbaya. Barua ya nne nilitaka iwe mbaya zaidi, kwa hiyo nikatoa barua zako zote, nikazipanga kitandani kwa tarehe, nitafute kila mahali ulipoandika linaimba nikuonyeshe kwa kidole.

Nikakutana na balbu.

Februari umeniomba dakika mbili uweke taa ya oili. Mimi nikakukatalia kwa herufi kubwa. Taa ile ingewaka, Baba. Oili ilipopungua ingekuwakia usoni, na macho yako hayana shida. Nilizuia balbu ili kulinda bei, na injini yote ikaenda.

Nikaendelea, nikafika kwenye goti. Umeniandikia wazi: ukikanyaga klachi mtetemo, ukishuka unaacha. Mtoto wa Fundi Sikio, niliyelelewa chini ya magari, nikasoma maneno hayo nikakuagiza hospitali! Nilikuwa natafuta namba ya mita. Ulikuwa husikii, sawa. Lakini mimi nilikuwa nasoma na sikuona. Wewe umenidanganya kwa neno moja, na mimi sikuwahi kukuuliza lingine. Sikukuuliza hata mara moja unaendeleaje.

Nafasi yangu kazini imechukuliwa. Nilikwenda kuomba, msimamizi alinihurumia lakini yupo mtu tayari, amevaa glavu zangu. Kwa hiyo nakuja. Tarehe 16 Oktoba, basi la mchana. Nakuja bila pesa ya gereji, bila mpango, nina sanduku la spana tu. Sijui tutakula nini mwaka huu. Naogopa sana, Baba, afadhali niseme.

Usiliuze. Usiligeuze chakavu. Tutalitengeneza wenyewe, na likiwa zima nitakaa kiti cha abiria, unipeleke machimbo ya kokoto.

Balbu ya asili imefika jana. Imefungwa kwenye pamba kama yai. Nakuja nayo.

Mwanao,
Nati


8 Oktoba

Nati, marahaba.

Karani wa posta ameniona kwa mbali akainua bahasha juu. Nimeisomea pale pale kaunta, watu nyuma yangu wanalalamika, nadhani.

Nimeshindwa kukusubiri. Nimeliingilia gari kwa chini, nimetoa bakuli la oili, nimefungua. Beringi mbili zimekwisha kabisa, zimebaki karatasi. Pampu ya oili ilikuwa imeziba kwa takataka za miaka ile ya turubai. Shafti inayozungukia humo imechubuka, nimeipitishia kucha kupima mikwaruzo, nadhani inasafishika, lakini nataka na kucha yako ipite kabla sijasema neno. Neno langu peke yake sasa hivi halina thamani. Beringi za asili hazipatikani, nimeuliza. Zipo za lori dogo, inabidi zichongwe. Daktari wa meno angezimia.

Wewe utasikiliza, mimi nitashika. Nikikosea utanigusa bega, usinipigie kelele, majirani watadhani tunagombana.

Kitanda chako kimetandikwa. Siku hiyo mchana nitakuwa chini ya gari, miguu nje, utaiona. Mlango nitauacha bila kufunga. Usisimame pale nje na mizigo yako ukibisha hodi, sitakusikia. Ingia tu.

Baba yako